Shingo Iliyoshikilia Mlango

Katika mji ule, ambao wenyewe hauna jina kwa kuwa hakuna aliyewahi kuupigia chombo cha muziki, mtoto haitwi lolote mpaka siku ya saba. Siku hiyo babu mzaa mama huleta gambusi ya nyuzi aliyoichonga kwa mkono wake, mpya, ambayo haijawahi kutoa sauti mbele za watu. Huipiga. Na neno la kwanza litakalomtoka yeyote aliyehudhuria, awe amelikusudia au limemponyoka, ndilo jina la mtoto. Hakuna rufaa. Ndiyo maana mji ule una Bwana Lo na Bi Mbona, una mapacha waitwao Subiri na Sogea, na una fundi mmoja aitwaye Haifai. Huyo ndiye tutakayemfuata, na nawaomba msimcheke mapema.

Babu yake Haifai alikuwa fundi hodari, hata maadui zake walikubali hilo. Siku ya saba ya mjukuu wake alipiga gambusi, na waliokuwapo wanaapa kwamba ilikuwa tamu. Lakini yeye alisikia kitu kidogo, mkwaruzo tu chini ya uzi wa pili, na kabla mtu hajafungua kinywa kwa furaha mzee akatikisa kichwa, akasema, "Haifai." Kalamu ya Mwandishi wa Majina ikaandika. Mtoto wa watu akabebeshwa hukumu ambayo haikumhusu, ikawa ndiyo yeye. Akiingia mahali, wanasema Haifai huyo. Akioa, wanasema Haifai kaoa. Hebu jaribu kuitwa hivyo miaka hamsini na minane uone kama kitanda chako kitakuwa na miguu minne. Chake kina mitatu, wa nne ni tofali. Uani kwake kuna ngazi ya vipago vinne inayoishia hewani, na kuna nusu ya banda la kuku, na kuku wanalala upande usio na banda. Kila alichoanza, kosa la kwanza lilipotokea, alikitazama, akasikia jina lake likimwita kwa sauti ya babu yake, akaweka chombo chini.

Je, mtu ni jina lake, au jina ni la yule aliyelitamka? Hili ndilo lililomsumbua tangu utotoni. Kama mimi ni neno la babu, aliwaza, basi babu hakufa, yumo humu anaendelea kutikisa kichwa. Na mimi niko wapi? Nani anayeshika tezo hii? Maswali kama hayo humfanya mtu akae kibarazani mchana kutwa, na Haifai alikaa sana.

Jambo jingine la mji ule lazima nilieleze sasa, usije ukanidai baadaye. Umri haukai mahali pamoja. Watoto hukua kama watoto wa kwenu, lakini mtu mzima huamka alfajiri na mwili wa miaka kumi. Jua likipanda, mwili nao hupanda. Adhuhuri ana mikono mipana na mabega, alasiri mvi zinaingia, na jua likikaribia kuzama mji mzima ni wa vikongwe wanaokohoa na kutaniana vibarazani. Akili na kumbukumbu hubaki zile zile, ni mwili tu unaokwenda na kurudi. Siku mtu asipoamka mtoto, ndiyo siku yake, wanamzika. Nani alipanga hivyo sijui, wala usiniulize. Ninachojua ni kwamba asubuhi za mji ule ni raha tupu, mabwana wazima na wake zao wakiruka kamba uchochoroni, na hakuna anayewaona wajinga.

Sasa basi, binti pekee wa Haifai, aitwaye Afadhali, alikuja kujifungulia kwa wazazi wake kama ilivyo ada, akapata mtoto wa kike. Nyumba ikajaa vigelegele. Haifai alimpokea mjukuu mikononi, akamtazama yale macho yasiyojua bado kutazama, akalia waziwazi. Alilia kwa furaha, na kwa hofu pia, kwa sababu alikuwa na siku saba.

Na huo haukuwa mzaha. Babu akifika siku ya saba mikono mitupu, Mwandishi wa Majina hufungua kurasa za nyuma za daftari lake na kumpa mtoto jina lililokwisha kutumika, la mtu aliyekwisha kuzikwa, na mtoto huishi maisha yale yale ya mwenye jina tangu mwanzo hadi mwisho, magonjwa yale yale, ugomvi ule ule na majirani. Afadhali mwenyewe alinusurika kidogo tu. Alipozaliwa, babu yake mzaa mama, ambaye ndiye aliyepaswa kuchonga, alikuwa marehemu, kwa hiyo kazi ikamwangukia Haifai. Akachonga shingo na kichwa, akaanza tumbo, patasi ikateleza, akaweka chini. Siku ya saba jirani mmoja aliwahurumia akaleta gambusi kuukuu ya nyuzi mbili, Mwandishi akaikubali safari hiyo moja tu, jirani akaipiga, na mtu mmoja nyuma kule akapumua, "Afadhali." Binti hakuwahi kumlaumu baba yake kwa maneno. Lakini akiulizwa jina lake hulisema haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba asiyotaka kuitwa ndani.

Mke wa Haifai, Bi Ngoja, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukimbilia jambo, alisimama mlangoni siku ile ya kwanza, mtoto begani.

"Baba Afadhali," akasema, "safari hii ukiacha katikati, mimi siachi. Nitahama nawe upo ndani ya nyumba."

"Utahamaje nami nipo ndani?"

"Wewe acha tu, utaona."

Haifai akacheka, akaenda kutafuta gogo kavu la mfenesi.

Gambusi huchongwa katika ubao mmoja, tumbo na shingo na kichwa, kisha tumbo hukombwa ndani mpaka libaki ganda, likawambwa ngozi ya mbuzi. Siku ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Mbao ya mfenesi ni ya manjano na ina harufu ya utamu wa mbali, na tezo ilipokuwa ikila, vipande vikiruka na kumdondokea mapajani, Haifai alijikuta anaimba wimbo usio na maneno. Alichonga tumbo adhuhuri, kwa mikono ile mipana, akalipima shubiri mbili kwa marefu. Usiku alilala usingizi mzito. Asubuhi aliamka na mwili wa miaka kumi na furaha ya miaka kumi, hakungoja hata chai, akakimbilia kazini na kupima shingo: shubiri tatu. Akakata.

Wewe umekwisha kuliona kosa. Kila fundi wa mji ule hulijua, na huwaonya wanaojifunza: pima vyote saa moja, kwa mkono mmoja. Lakini furaha haipimi. Haifai hakuona kitu. Aliona tu kwamba mbao inamtii.

Siku ya tatu, akiwa anakomba ndani, patasi ikapenya chini ya tumbo. Mwanga ukaingia, duara dogo kama punje ya mahindi. Akaitoa patasi polepole. Akalitazama lile tundu, nalo likamtazama. Na pale pale, bila hodi, sauti ya babu.

Haifai. Naam, babu. Unaona? Naona. Weka chini. Naweka. Na mikono ikaanza kweli kushuka, ikiwa na ile raha ya ajabu ya kushindwa mapema, raha anayoijua kila mvivu na kila mwoga, kwamba sasa hakuna atakayekudai zaidi.

Ndani, mtoto akaanza kulia.

"Analia nani?" Haifai akauliza kwa mazoea tu.

"Analia huyu," akajibu Afadhali kutoka chumbani.

"Huyu nani?"

Mtoto aliendelea kulia, sauti kubwa ya mtu asiye na jina bado, na Haifai akaona aibu ya moto ikimpanda shingoni. Akanyanyua tena patasi. Akavunja kifuu cha nazi, akachagua kipande, akakipiga tupa mpaka kikawa duara, akachemsha gundi ya ngozi ambayo ilinukisha nyumba nzima mpaka Bi Ngoja akafunga madirisha kwa kelele, kisha Haifai akaliziba tundu. Akapuliza. Akagonga kwa kucha. Tumbo likaitika, tena kwa sauti nene kuliko mwanzo.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo nalileta kwenu kama nilivyolipata. Maisha yake yote alikuwa amesimama kwenye kosa la kwanza akidhani ndio ukuta wa mwisho wa dunia. Hakuwahi kujua kwamba nyuma yake kuna nchi nyingine. Nchi ya baada ya kosa ina watu wake na hali yake ya hewa, na mikono huko inafanya kazi kwa namna nyingine, haina tena kiburi wala hofu ya kuchafua kilicho safi, kwa kuwa kimekwisha kuchafuka. Haifai aliingia katika nchi hiyo akiwa na miaka hamsini na minane, gundi mpaka kwenye viwiko, na akaipenda. Alicheka peke yake. Bi Ngoja alichungulia, akamwambia binti yake, "Baba yako sasa ndiyo basi, kichwa kimeondoka."

Kila siku Mwandishi wa Majina alipita. Huyu jina lake ni Nyamaza, kwa sababu siku yake ya saba kuna mama alikuwa akimtuliza mtoto mwingine, na hajawahi kunyamaza tangu hapo.

"Hodi fundi! Hodi wenye nyumba! Naona moshi, nasikia nyundo, mimi napita tu lakini wajibu ni wajibu, si unajua, marehemu baba yangu alikuwa akisema hivyo hivyo. Kimekwisha?"

"Bado."

"Bado! Haya. Nina jina moja zuri sana kurasa za nyuma, la mama mmoja aliyeishi vizuri tu mpaka alipoanguka kisimani. Nakuwekea?"

"Pita zako, Nyamaza."

Siku ya tano, adhuhuri, Haifai aliiegemeza gambusi kifuani ili aone mkono wa kushoto utakaa vipi. Haukukaa. Aliponyoosha mkono mahali shingo ilipopaswa kufika, ulipitiliza mwisho wake, ukabaki unaning'inia hewani. Tumbo lilikuwa la mtu mzima, shingo ya mtoto. Akazungusha macho ukutani, akaitazama shubiri yake pana ya adhuhuri, akakumbuka asubuhi ile aliyokimbia bila chai, na akapiga kelele ambayo ilimwamsha mtoto na kuwatoa majirani.

"Ewe mwanamume!" Bi Ngoja akatoka mbio, jambo ambalo halijawahi kuonekana. "Umejikata?"

"Nimepima kwa mikono miwili tofauti, mama Afadhali. Nimepima kama mtoto mchanga wa ufundi. Tumbo ni langu, shingo si yangu."

Bi Ngoja akatazama. Akacheka mpaka akashika ukuta. Haifai naye, mkitaka kujua, alianza kukasirika, kisha kicheko kikamshika hapo hapo kwenye hasira, wakacheka wote wawili uani mpaka kuku wakahama.

Lakini kicheko kilipokwisha, mbao ilikuwa fupi vile vile, na siku zilizobaki zilikuwa mbili. Gogo jingine kavu halikuwapo, na bichi lingehitaji wiki kukauka. Haifai akakaa chini. Safari hii hakumsikia babu. Alijisikia mwenyewe, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nani aliyekosea hapa? aliwaza. Yule wa asubuhi au yule wa adhuhuri? Yule mdogo alipima kwa haki, shubiri zake zilikuwa tatu kweli. Yule mkubwa naye alipima kwa haki. Wote wawili ni mimi na wote wawili wana haki, na gambusi haiwezi kupigwa. Labda ndivyo mtu alivyo. Kifua cha saa moja, shingo ya saa nyingine, na hakuna mahali vilipoungwa.

Vilipoungwa. Akasimama.

"Mama Afadhali. Ile shingo iko wapi?"

"Ipi?"

"Ile ya mwanzo. Ya binti."

Bi Ngoja alitembea mwendo wake wa siku zote mpaka mlango wa jikoni, ule ambao kwa miaka thelathini ulikuwa ukizuiwa usibamizwe na upepo kwa ubao fulani mweusi wa moshi. Akainama, akauokota, mlango ukajibamiza nyuma yake. Akampa mumewe. Ilikuwa shingo na kichwa cha gambusi, matundu ya vigingi yakiwa yametobolewa tayari, na chini yake gogo lisilokombwa, likiwa na alama moja ya patasi iliyoteleza.

"Niliuweka," akasema. "Nilijua upepo utakuwapo siku zote."

Haifai aliipima shingo ile kwa mkono wa adhuhuri. Shubiri tatu kamili. Hakukumbuka aliipima saa ngapi miaka ile, lakini yule kijana aliyeipima, popote alipo, alikuwa na mkono huu huu. Akaketi, akakata shingo fupi kwa mshazari, akakata ile nyeusi kwa mshazari wa kukutana nayo, akapaka gundi, akazungusha uzi wa mshipa wa ng'ombe mara ishirini na moja, akakaza mpaka meno yakauma. Manjano na nyeusi vikakutana. Mstari wa kiungo ulionekana kutoka mbali na hakujaribu kuuficha. Siku ya sita aliwamba ngozi, akachonga vigingi vya mpingo, akafunga nyuzi nne.

"Kimekwisha?" akauliza Nyamaza.

"Bado."

Siku ya saba, alasiri, watu wakajaa uani. Wale wa zamani walikuja wamejiandaa, kila mmoja na chake cha kuziba mdomo: wanawake ncha za kanga, wanaume kofia, na Bwana Lo alikuja amejaza kinywa tende ili kisimponyoke kitu. Nyamaza aliketi mbele, daftari magotini, kalamu juu. Afadhali alikaa mkekani na mtoto mapajani. Haifai akatoka na gambusi, mvi tayari zimeingia, mikono imeanza mtetemo wake wa saa ile.

Na mawingu yakaja. Hayakuleta mvua, yalileta unyevu tu. Haifai aligusa ngozi kwa kidole, akahisi imelegea kama shavu la mzee. Wiki moja kabla angekimbia. Sasa alitembea tu mpaka kwenye jiko la mkaa lililokuwa likichemshia kahawa ya wageni, akalisogeza birika pembeni, akaishikilia gambusi juu ya joto, akiizungusha taratibu, huku watu themanini wakimtazama na midomo yao imefungwa. Hakuwa na haraka. Alijifunza kwa mkewe. Ngozi ilipoanza kulia tii chini ya ukucha, akarudi, akaketi, akapiga.

Sauti ilitoka nene kwenye tumbo la mfenesi, ikapita kwenye kiraka cha kifuu, ikapanda, na ilipofika pale manjano inapokutana na nyeusi ikageuka kidogo, ikawa na ukavu wa moshi na wa miaka, kisha ikawafikia wote. Ilikuwa nzuri. Nakwambia ilikuwa nzuri mpaka kuku walinyamaza. Lakini Haifai alisikia. Chini ya uzi wa tatu, pale kwenye kiungo, kulikuwa na mkwaruzo. Mdogo. Hakuna mwingine aliyeusikia.

Watu wakabana kanga na kofia zao midomoni. Kalamu ya Nyamaza ilingoja juu ya karatasi. Na Haifai akahisi neno likipanda kutoka kifuani, neno lake, jina lake, likiwa na sauti ya babu, likafika kooni, likafika kwenye ulimi. Kichwa kilikwisha kuanza kutikisika. Mjukuu wake alikuwa hatua moja tu kutoka kuitwa kama yeye, na baada yake mjukuu wa mjukuu, mzee mmoja akitikisa kichwa milele ndani ya vifua vya watu. Haifai akauma ulimi. Akauma kweli, akaonja damu. Akameza damu na neno vyote pamoja, machozi yakamtoka, na kichwa kikatulia.

Afadhali alikuwa hamtazami baba yake. Alikuwa anaitazama ile shingo nyeusi. Aliijua. Aliikwepa kwa vidole vya miguu tangu alipoanza kutembea, kila alipoingia jikoni. Miaka thelathini ilikuwa imelala pale mlangoni bila kusema, na sasa alikuwa ameisikia. Ncha ya kanga ikamtoka mdomoni.

"Tena," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtoto, ingawa ilikuwa alasiri, "Tena, baba."

Uani kukalipuka. Vigelegele, makofi, Bwana Lo akitema tende zake zote. Nyamaza aliandika kwa madaha, akapuliza wino, akasoma kwa sauti kubwa jina ambalo halikuwapo kurasa za nyuma wala mahali popote: Tena binti Afadhali. Watu wakalirudia kulionja. Mtoto akapiga chafya.

"Sasa, kwa ajili ya daftari tu," Nyamaza akapaza sauti juu ya kelele, "nisije nikaambiwa sikuuliza, maana mimi wajibu ni wajibu. Fundi! Kimekwisha?"

Haifai akaitazama gambusi. Aliona kiraka. Aliona kiungo kisichonyooka vizuri. Alijua mkwaruzo uko wapi na alijua utakaa hapo. Ulimi ulikuwa unamuuma, kwa hiyo alilisema polepole, neno ambalo kinywa chake hakikuwahi kulitamka katika miaka hamsini na minane.

"Kimekwisha."

Bi Ngoja akajipangusa macho kwa kanga. "Na mlango wangu wa jikoni?"

"Kesho nitautengenezea kitasa," akasema Haifai. Na wote waliomjua, kwa mara ya kwanza, walimwamini.

Kisha akakaza uzi wa tatu kidogo, akapiga kama alivyoombwa, na mjukuu wake, ambaye sasa alikuwa mtu kati ya watu, akafumba macho akalala.